Miradi mikubwa ya miundombinu na wananchi wanaoipinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji wa kata, madiwani, wahandisi na maofisa jamii wa miradi, na pia kwa mwananchi aliyesikia kwamba barabara, bomba au reli itapita kwake. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro imepata miradi mingi ya aina hiyo: barabara ya njia mbili ya kilomita 14.1 kutoka Sakina hadi Tengeru, barabara ya mchepuo ya Arusha yenye kilomita 42.4, reli ya Tanga iliyofufuliwa hadi Moshi mwaka 2019 na hadi Arusha mwaka 2020, mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, na uwanja wa mpira wa Olmoti uliopangwa kwa ajili ya AFCON 2027. Maswali yaliyomo ni yale yanayorudiwa mikutanoni, na mengi huulizwa kwa uchungu.

Kwa nini watu hupinga mradi ambao wao wenyewe waliuomba?

Jibu linalozoeleka maofisini ni kwamba wananchi hawana elimu ya kutosha kuhusu mradi, kwa hiyo waongezewe semina. Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi si la haki. Watu wa Arusha na Moshi wanajua faida ya lami na ya maji ya bomba kuliko anayekuja kuwaeleza. Kinachowageuza kuwa wapinzani ni kipindi kati ya siku nyumba inapowekewa alama na siku fidia inapolipwa au mradi unapoachwa.

Tazama kinachotokea katika kipindi hicho. Mthamini anashuka kwenye gari, anampanga mama mwenye nyumba mbele ya mlango wake akiwa ameshika kibao chenye namba, anampiga picha, anahesabu vyumba, migomba na miparachichi, anamtaka aweke saini, kisha anaondoka. Tangu siku hiyo mama huyo anaambiwa asijenge wala asipande mazao ya kudumu, kwa sababu maendelezo mapya hayatahesabiwa. Mpangaji wa fremu anahama kwa kuhofia kubomolewa, na anayechukua nafasi yake anataka kodi ya chini. Benki haiikubali tena nyumba kuwa dhamana. Paa likivuja, mwenye nyumba hajui kama inafaa kununua bati jipya au aendelee kutega ndoo. Akiuliza kwa mtendaji anajibiwa kwamba suala liko wizarani, na ofisi ya mradi nayo inasema fedha bado haijatoka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa anayeumia ni mtu ambaye hakuchagua kungoja.

Kila mradi mkubwa huanza ukiwa na mambo ambayo hayajaamuliwa: mkopo haujasainiwa, usanifu wa kina haujakamilika, mkandarasi hajapatikana. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba mashaka hayo hayabaki ofisini yalikozaliwa, bali hushushwa hadi kwa kaya, ambayo ndiyo yenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuyabeba. Anayesimamia mradi na kutaka kupunguza upinzani aanze kwa kujiuliza: katika mradi huu, ni nani anayelipia kutojua kwetu?

Alama ya X nyekundu na ya kijani zina tofauti gani?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za awali huhesabiwa kuwa ameifuata barabara. Huwekewa X nyekundu na hana haki ya fidia kisheria. Aliyekuwa kihalali kati ya mita 22.5 na mita 30 amefuatwa na barabara, huwekewa X ya kijani, na anapaswa kulipwa kabla ya kuondolewa.

Tofauti hiyo ielezwe siku ile ile rangi inapopakwa, tena mbele ya mwenye nyumba. Wako watu walioishi miaka na X ya kijani ukutani wakiamini watabomolewa bure, na hofu hiyo huenea mtaa mzima.

Fidia inahesabu vitu gani, na ikichelewa inakuwaje?

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko ya ardhi na ya maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36, na, kwa mwenye biashara, hasara ya faida kwa miezi 36 vilevile. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 huanza kudai riba, na uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2, ambayo ikipita bila malipo inabidi ufanywe upya.

Hoja ya faida ya biashara ndiyo inayowaumiza watu wa mijini. Mama ntilie wa Kilombero au fundi pikipiki wa Majengo hana hesabu za maandishi, na faida yake ya kila mwezi huishia kukisiwa kwa chini. Ofisa jamii anayejali atawashauri wafanyabiashara, hata kabla mthamini hajafika, waanze kuandika mauzo kwenye daftari na kutunza risiti za manunuzi. Kazi hiyo ni ndogo, lakini faida yake huonekana siku ya malipo.

Wamachinga na wengine wasio na hati hawamo katika fidia ya ardhi. Hata hivyo, pale mradi unapogharamiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, masharti ya mkopo yanataka nao wasaidiwe kurejesha riziki yao. Mwenyekiti wa mtaa ana haki ya kuuliza fedha za mradi zinatoka wapi, kwa sababu jibu la swali hilo linabadilisha haki za watu wake.

Kwa nini watu wa Kilimanjaro huwa wagumu zaidi kuachia ardhi hata wakipewa bei nzuri?

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, si kiwanja. Mara nyingi ardhi hiyo imegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, ndani yake kuna kahawa chini ya migomba, mfongo unaoleta maji kwa zamu zilizopangwa na ukoo, na makaburi ya wazazi nyuma ya nyumba. Mthamini anaweza kuhesabu mashina ya kahawa, lakini hana safu ya kuandika kwamba ndugu walioko Dar es Salaam hurudi hapo kila Desemba na kwamba wote wanajiona kuwa na neno juu ya eneo hilo.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka taarifa itolewe mapema na gharama za kuhamisha na kuzika upya zilipwe, pamoja na zile za ibada. Kinachoharibu mambo ni kuliacha suala hili hadi mwisho, baada ya ramani kufungwa. Mhandisi aje na wazee wa ukoo wakati mstari wa barabara bado umechorwa kwa penseli, aulize makaburi yako wapi, na pale inapowezekana ausogeze mstari. Kusogeza mita chache kwenye karatasi hakugharimu kitu, ilhali kuzisogeza baada ya mkandarasi kuleta mitambo hugharimu miezi. Na anayezungumza na wazee asiwe kijana wa mkataba aliyetumwa na orodha ya maswali. Aende mtu mzima mwenye mamlaka ya kuamua, asalimie ipasavyo, aketi, asikilize.

Je, ni sahihi kuwaambia wananchi kwamba hatujui tarehe wala gharama halisi?

Ni sahihi, na ni lazima. Viongozi wengi wanaogopa kwamba wakikiri kutojua wataonekana dhaifu, kwa hiyo hutaja tarehe. Tarehe hupita, hutajwa nyingine nayo hupita, na baada ya hapo hata taarifa ya kweli haiaminiki.

Makadirio ya miradi mikubwa hupotoka dunia nzima. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliochunguza miradi 258 ya usafiri katika nchi 20, ulikuta kwamba karibu miradi 9 kati ya 10 ilizidi gharama iliyokadiriwa. Reli zilizidi kwa wastani wa takriban asilimia 45 na barabara asilimia 20. Njia aliyoipendekeza kukabiliana na hali hiyo ni rahisi kuelezeka hata kwenye mkutano wa kijiji: kabla ya kuamini makadirio ya mradi wako, tazama miradi iliyofanana nao iliyokwisha kujengwa, iligharimu kiasi gani na ilichelewa kwa muda gani, kisha chukua hizo kama msingi. Kwa lugha ya mkutanoni ofisa anaweza kusema: «Malipo hayatatoka kabla ya Juni. Miradi kama huu ilichukua kati ya mwaka mmoja na miwili kufikia malipo. Nitarudi hapa mwezi wa tisa kuwaeleza tumefikia wapi, hata kama sina jipya.» Kisha arudi kweli mwezi wa tisa.

Yako pia mashaka ambayo hayatokani na fedha wala ratiba. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa ufadhili wa Japani, ilisanifiwa kuhudumia hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilikuwa za mpunga. Mpunga ulistawi kuliko ilivyotarajiwa. Wakulima wa juu ya mto, nje ya skimu, waliona mafanikio hayo, nao wakafungua mashamba yao ya mpunga kwa maji yale yale, hadi vijiji vya mwisho wa mfereji vikakosa maji na eneo lililopangwa halikuweza kulimwa lote. Hesabu za saruji na za mteremko zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni kuuliza mapema watu wa juu watafanya nini wakishaona faida ya watu wa chini, swali ambalo mzee yeyote aliyewahi kugawa zamu za mfongo angeliuliza siku ya kwanza. Ndiyo sababu ushirikishwaji si adabu peke yake: wananchi wanajua mambo ambayo upembuzi yakinifu hauwezi kuyaona.

Tufanyeje pale wapinzani si wakazi wa eneo bali mashirika ya nje?

Swali hili huulizwa sana Arusha, kwa sababu hapa ndipo uhifadhi na utalii vinapokutana na barabara na viwanda. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba hoja ya mtu wa nje haina uzito. La pili ni kumwachia yeye awasemee wakazi.

Mfano ulio karibu ni Ziwa Natron. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kwenye ziwa hilo, kwa ubia wa kampuni ya Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa, ulipingwa vikali kwa kuwa Natron ndiyo sehemu kuu duniani ambako flamingo wadogo huzaliana, na mwaka 2008 Tata Chemicals ilijitoa. Magadi hayakuachwa: macho yalihamia bonde la Engaruka, wilayani Monduli. Kwa hiyo upinzani ule ulisukuma mradi kuelekea mahali pengine, na huo ndio uamuzi ambao wapangaji wangeweza kuufikia wenyewe kama eneo mbadala lingechunguzwa tangu mwanzo.

Mfano wa pili ni barabara ya Serengeti, iliyokusudiwa kuunganisha upande wa Arusha na Musoma kwa lami kupitia kaskazini mwa hifadhi, katika njia ya nyumbu wanaohama. Wapinzani walipendekeza njia ya kusini inayoizunguka hifadhi. Mwaka 2011 Serikali iliieleza UNESCO kwamba kipande cha kilomita 53 ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa Arusha, iliamuliwa tarehe 20 Juni 2014, na Mahakama ikazuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza hifadhini.

Katika mjadala wote ule, wakazi wa Loliondo na wa Serengeti upande wa Mugumu walikuwa na hoja iliyosikika kidogo mno: mama mjamzito anayesafirishwa kwenye vumbi kwa saa nyingi kwenda hospitali haulizi nyumbu wanapita wapi. Hoja hiyo ni ya kweli, sawasawa na ile ya nyumbu. Msimamizi mzuri wa mradi angezitenganisha, kwa kuwa haja ya wakazi ni kufika hospitali na sokoni, na haja hiyo inaweza kutimizwa kwa barabara inayoishia nje ya mipaka ya hifadhi. Ni pale zote mbili zilipofungwa kwenye mstari mmoja wa ramani ndipo ilipoonekana kana kwamba ni lazima upande mmoja ushindwe.

Kwa nini kesi ya Serengeti ilifika mwisho, na ile ya bomba la mafuta ikakwama?

Tofauti kubwa ilikuwa muda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamikaji miezi 2 tu tangu kitendo kinacholalamikiwa au tangu alipokijua. Kesi dhidi ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ilifunguliwa Novemba 2020, na Novemba 2023 Divisheni ya Awali ya Mahakama hiyo hiyo ya Afrika Mashariki iliitupa kwa sababu ya kuchelewa, bila kuingia kwenye hoja za mazingira na haki za watu. Wananchi na mashirika yao walijue hilo mapema. Wasimamizi wa miradi nao wasilichukulie kuwa ushindi, kwa maana hoja isiyosikilizwa mahakamani huendelea kusikika kwingine, ikiwa ni pamoja na kwenye benki zinazoombwa mikopo.

Mkutano wa hadhara una maana wakati gani?

Una maana pale tu ambapo bado kuna jambo la kuamuliwa. Watu hugundua haraka wanapoitwa kusaini mahudhurio.

Kwa ardhi ya kijiji sheria iko wazi. Taarifa ya kuihamisha hutangazwa na kufikishwa kwa halmashauri ya kijiji angalau siku 90 kabla. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri huamua. Na ardhi haihamishwi hadi aina ya fidia, kiasi chake, na namna na wakati wa kuilipa vikubaliwe. Katika vijiji vya wafugaji, kama vile vya Monduli na Longido, malaigwanani, yaani viongozi wa kimila wa Wamasai, waelezwe kabla ya mkutano rasmi, na uitishwe wakati ambao vijana hawajaenda mbali na mifugo. Wanawake nao wapewe kikao chao, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojua kisima kipi hakikauki.

Kuna funzo pia kutoka Ujerumani. Mradi wa stesheni ya reli ya Stuttgart ulipitia hatua zote za kisheria kwa miaka mingi, lakini watu wengi walitambua ukubwa wake ubomoaji ulipoanza. Tarehe 30 Septemba 2010 polisi walitumia maji ya kishindo dhidi ya waandamanaji, watu zaidi ya mia wakajeruhiwa, na maandamano yakazidi kukua. Ndipo mwanasiasa mzee, Heiner Geißler, alipoitwa kusuluhisha, na pande zote zikakaa meza moja zikijadili hesabu na michoro huku televisheni ikionyesha moja kwa moja. Kura ya maoni ya Novemba 2011 iliuruhusu mradi uendelee, ambapo asilimia 58.9 ya waliopiga kura walikataa jimbo lao lijitoe kwenye ufadhili wa mradi. Gharama, hata hivyo, ilipanda kutoka ukomo wa euro bilioni 4.5 hadi zaidi ya bilioni 11. Majadiliano yale ya wazi yangekuwa na thamani kubwa zaidi kama yangefanyika kabla ya matingatinga kufika, na nguvu za polisi hazikumbadilisha mawazo mtu yeyote.

Wapinzani wakisema watapoteza ajira, tuwajibu vipi?

Tuwajibu kwa hesabu ya ajira zao wao, si kwa ajira za jumla. Mwaka 2019 Serikali ilipoeleza kwamba inafikiria kuweka magari ya kuning'inia kwenye nyaya Mlima Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji wa Moshi walipinga. Hoja yao ilikuwa rahisi: wanalipwa kwa siku wanazokaa mlimani, na mgeni anayepanda na kushuka siku hiyo hiyo hahitaji mpagazi, mpishi wala hema. Kumwambia mpagazi wa Marangu au Machame kwamba mapato ya taifa yataongezeka si jibu la swali alilouliza. Ama apewe mpango unaotaja kazi gani, ya nani na kwa mshahara gani, ama ikubalike waziwazi kwamba yeye atapoteza na kujadiliwa atafidiwaje.

Mradi wetu tayari umekwama na watu wamekasirika. Tuanzie wapi?

Msianze na mkutano mkubwa. Anzeni na orodha. Bandikeni katika ofisi ya mtaa karatasi yenye namba za vibao, bila majina wala kiasi cha fedha ili kulinda faragha, na mbele ya kila namba andikeni hatua iliyofikiwa: imethaminiwa, imeidhinishwa, imelipwa, au ina mgogoro, pamoja na tarehe. Ibadilisheni kila mwezi siku ile ile, hata ikibidi kuandika kwamba hakuna mabadiliko. Mtu mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu awe ndiye wa kuulizwa, na asihamishwe kila baada ya miezi mitatu.

Kisha mkae na mhandisi mshauri mpitie ramani kiwanja kwa kiwanja. Katika mradi uliokaa muda mrefu usanifu huwa umebadilika, na mara nyingi yapo maeneo yaliyowekewa alama ambayo hayahitajiki tena. Wenye maeneo hayo waachiliwe mara moja wajenge na kupanda. Waachiliwe kwa barua yenye muhuri na namba ya kiwanja, na alama ifutwe ukutani wakiwepo wenyewe pamoja na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu benki na mnunuzi hawatakubali maneno ya mdomo.